Usilicheke Jitu la Shaba

Msomaji mpendwa, insha hii ni ya ugomvi. Nakuambia mapema ili usije ukanilaumu baadaye kwamba nilikukaribisha kwa maneno laini kisha nikakukaripia. Nina ugomvi na kicheko. Si kicheko chote, maana mtu asiyecheka kabisa ni mgonjwa, bali kicheko cha namna moja tu, kile kitokacho kinywani kabla macho hayajamaliza kuona. Nimekisikia kicheko hicho katika ukumbi wa chuo cha ualimu ninachofundisha, nimekisikia katika shule nizitembeleazo, na, kama utakavyoona kabla hatujaagana, nimekisikia pia katika kifua changu mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi moja jioni niliwaonyesha wanachuo wangu filamu ya zamani iitwayo Jason and the Argonauts, iliyotolewa mwaka 1963. Tulikuwa tukisoma hekaya za mashujaa, nami nilitaka waone jinsi hekaya inavyoweza kuhamishwa kutoka katika maneno hadi katika picha. Kisa chake ni cha Wayunani wa kale. Kijana Jason, ambaye ufalme wa baba yake ulinyakuliwa, aliunda merikebu iliyoitwa Argo, akakusanya mashujaa, akatweka tanga kwenda mwisho wa dunia kutafuta ngozi ya kondoo dume yenye manyoya ya dhahabu. Njiani walitia nanga katika kisiwa chenye sanamu kubwa za shaba. Hercules, ambaye katika filamu hiyo nguvu zake zimeipita busara yake, aliingia katika chumba cha hazina chini ya sanamu moja iitwayo Talos, akachukua pini ya kujipambia iliyokuwa ndefu kama mkuki. Alipotoka nje kimya kilitanda. Kisha ile sanamu, iliyokuwa imetulia juu ya jengo lake tangu enzi na enzi, iligeuza kichwa taratibu, kwa mlio wa chuma kinachosagana, ikamtazama mwizi.

Hapo ukumbi mzima ulicheka. Kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma akasema, "Mwalimu, jitu hili lina baridi yabisi!" Na baadaye, viunzi saba vya mifupa vilipochomoza kutoka ardhini na panga mikononi, sauti nyingine ilisema, "Midoli ya watoto!" Navyo vikachekwa. Filamu ilipokwisha nilizima projekta, nikawatakia usiku mwema, nikaenda nyumbani nikiwa nimekasirika. Hasira ile ndiyo iliyozaa insha hii.

Sikukasirika kwa sababu hawakuipenda filamu. Kupenda hakulazimishwi, na mwalimu anayewaamuru wanafunzi wapende kitu huwafundisha unafiki. Nilikasirika kwa sababu walitoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi. Wahenga walituachia neno zito katika sentensi fupi: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye ufuoni akakicheka chombo kwa kuwa tanga lake lina viraka, bila kuuliza mbao zilikatwa wapi na nani aliyezipigilia misumari, hajakidhuru chombo hata kidogo. Ameitangazia dunia kwamba yeye hajui bahari. Basi njoo, msomaji, tukikague chombo hiki kwanza. Tukiisha kukikagua, kama bado utataka kucheka, cheka.

Mtu aliyelipa uhai jitu lile aliitwa Ray Harryhausen. Alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1920, akafariki London mwaka 2013. Majitu yake hayakuwa watu waliovaa mavazi ya kutisha. Yalikuwa sanamu ndogo, nyingine hazizidi shubiri moja au mbili kwa kimo. Ndani ya sanamu mlikuwa na kiunzi cha chuma chenye viungo mfano wa nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake, kilichokazwa kiasi cha kutosha kuusimamisha mkono mahali unapoachwa. Juu ya chuma ulivikwa mpira laini uliofinyangwa ukafanana na ngozi au mfupa au shaba. Baba yake, aliyekuwa fundi wa mitambo, ndiye aliyemchongea viunzi hivyo kwa miaka mingi.

Sasa tazama kazi. Filamu yoyote, hata ile inayomwonyesha mtu hai akitembea, ni mfuatano wa picha zisizosogea, picha 24 katika kila sekunde moja. Jicho huzipokea upesi hata likadhani limeona mwendo. Harryhausen aliichukua siri hiyo na kuigeuza kazi ya mkono. Aliisogeza sanamu kiasi cha unywele, akaondoka mbele ya kamera, akapiga picha moja. Akarudi, akaisogeza tena kiasi cha unywele, akapiga ya pili. Alipokwisha kupiga picha 24, alikuwa amepata sekunde moja ya maisha ya jitu lake. Ukitaka dakika moja, msomaji, piga hesabu mwenyewe: ni picha 1,440.

Lakini jitu halikuwa peke yake katika picha. Lilipigana na watu. Hapo ndipo maarifa yalipohitajika. Waigizaji walipigwa filamu kwanza, huko Italia, wakipigana na hewa tupu. Walifanya mazoezi na mabingwa wa upanga waliosimama mahali pa maadui, wakahesabu kila hatua na kila pigo, kisha mabingwa wakaondolewa, na waigizaji wakarudia mapigo yale yale peke yao, wakiukinga upanga usiokuwapo. Filamu ile ikapelekwa kwa Harryhausen. Yeye aliimulika kutoka nyuma juu ya kiwambo kidogo, picha moja baada ya nyingine, akaweka sanamu zake mbele ya kiwambo, akazipanga zilingane na watu waliomulikwa. Sehemu ya mbele, kama vile mwamba au ardhi, aliiziba kwa rangi nyeusi juu ya kioo, kisha akairudisha filamu na kuipiga sehemu hiyo peke yake. Hivyo jitu likaonekana limesimama katikati, nyuma yake ulimwengu na mbele yake ulimwengu.

Katika pambano la mwisho viunzi vya mifupa vilikuwa 7. Kila kimoja kina kichwa, mikono miwili na miguu miwili. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha moja tu, kulikuwa na viungo 35 vya kukumbuka: upi unapanda, upi unashuka, upi umefika nusu ya pigo na upi unalikwepa pigo. Akiingia mtu mlangoni na kumsemesha, fundi akasahau kwamba mkono wa kiunzi cha nne ulikuwa ukipanda, kazi ya siku nzima huharibika. Zilikuwako siku alizopata picha 13 tu tangu asubuhi hadi jioni, yaani nusu sekunde na kitu kidogo. Pambano lile, ambalo kulitazama hakufiki dakika tano, lilimchukua miezi minne na nusu. Naye aliitenda kazi ile ya kuzisogeza sanamu peke yake.

Yamkini sasa wewe mwenye akili kali unainua mkono. Waniambia, "Mwalimu, umetuonyesha jasho, wala hukutuonyesha uzuri. Mtu aweza kutaabika miezi minne akatengeneza kitu kibaya. Je, tukisifu kwa sababu ametaabika?" Pingamizi lako ni la haki, wala sitalikwepa. Jasho peke yake si hoja. Mpishi aliyechoka hawezi kutulazimisha tuusifu wali uliovurugika. Na tena nakubali kwamba filamu hii ina kasoro zake. Mahali pengine picha iliyomulikwa kiwamboni imefifia kuliko sanamu iliyo mbele yake, na kisa chenyewe kimekatizwa kabla Jason hajarudi nyumbani kudai haki yake. Nikikuficha hayo sitakuwa mwalimu bali mchuuzi.

Lakini hebu turudi kwa jitu la shaba, maana hapo ndipo kicheko kilipoanzia. Mlisema lina baridi yabisi. Mlisema linatembea kwa kukakamaa. Naam, linakakamaa! Limetengenezwa kwa nini? Si kwa shaba? Harryhausen alijua kuisogeza sanamu kwa ulaini. Viunzi vya mifupa katika filamu ile ile vinaruka, vinachutama, vinashambulia kama chui. Talos alikakamazwa kwa makusudi, kwa kuwa shaba haina misuli, na mlima wa chuma ukiamka baada ya miaka elfu hauwezi kutembea kama mcheza ngoma. Mliloliona kuwa udhaifu wa fundi lilikuwa uamuzi wa fundi. Hamkuicheka kasoro yake. Mliicheka akili yake bila kujua kwamba ni akili.

Litazame tena jitu hilo linapokufa. Jason amegundua kifuniko kisiginoni mwake, amekifungua kwa taabu, na maji ya uhai yanamiminika mchangani yakifuka mvuke. Jitu linasimama. Linashika shingo yake kama mtu anayekosa pumzi. Halina uso wa kuweza kukunja wala macho ya kuweza kulia, kwani uso wake ni shaba tupu. Lakini kwa namna linavyoinua mikono na kuyumba, wewe uliyekuwa ukiliogopa unaanza kulihurumia. Nipe jibu, msomaji: huruma hiyo imetoka wapi? Haikutoka katika mpira wala katika chuma. Imetoka kwa mtu mmoja aliyekaa chumbani akajiuliza, siku baada ya siku, jinsi kitu kisicho na moyo kinavyokufa. Huko ndiko jasho linakogeuka kuwa fikra, na fikra kuwa uzuri.

Na mtetemo je? Mtetemo upo, wala sikatai, na una sababu yake. Mkono wa mtu hai ukipita mbele ya kamera huacha ukungu kidogo katika kila picha, kwa kuwa unasogea wakati kamera imefumbua jicho lake. Sanamu haisogei wakati huo. Imetulia tuli, na kila picha yake ni angavu kabisa. Macho yetu yanapopokea picha angavu mfululizo, bila ule ukungu yaliouzoea, huhisi kurukaruka. Hilo ndilo jambo lote. Si uzembe wa fundi, bali ni alama ya njia aliyoipita, kama nyayo zilivyo alama ya safari.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo kompyuta inaumba majitu laini yasiyotetemeka. Sina vita na kompyuta, wala siwaiti mafundi wake wavivu. Wengi wao hukesha kama alivyokesha Harryhausen. Nina vita na imani kwamba mashine imeifanya mikono ya zamani kuwa takataka. Imani hiyo ni ya uongo, na ushahidi upo. Filamu ya Jurassic Park, iliyotolewa mwaka 1993, ndiyo iliyoufahamisha ulimwengu kwamba wanyama wa kale wanaweza kuumbwa kwa kompyuta. Bwana Phil Tippett, fundi wa mkono aliyelelewa na kazi za Harryhausen, alikuwa ameandaliwa kuwasogeza wanyama wale kwa sanamu. Majaribio ya kompyuta yalipofaulu, mpango ukabadilika. Je, alifukuzwa? Hapana. Alibakizwa kuwa msimamizi, kwa kuwa mafundi wa kompyuta walijua mashine, naye alijua jinsi mnyama anavyohamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kikatengenezwa hata kiunzi cha chuma, mfano wa vile vya zamani, kilichounganishwa na kompyuta, ili mafundi wa mkono wakisogeze kwa vidole na kompyuta ipokee mwendo. Basi mashine ile mpya ilipotaka kujifunza kutembea, ilishikwa mkono na mzee.

Nalo tendo la kudharau si geni. Filamu ile ya mwaka 1963 haikupendekezwa hata kushindania tuzo ya ufundi wa picha ya Akademia ya Filamu ya Marekani. Tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa Cleopatra. Ilipita karibu miaka thelathini kabla ya Akademia hiyo kumwita Harryhausen mbele, mwaka 1992, na kumpa tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Wakati huo watoto waliokuwa wameketi mbele ya viunzi vyake vya mifupa wakiwa wamekodoa macho walikuwa wamekuwa waongozaji wa filamu wenye sifa duniani, nao walisema wazi kwamba yeye ndiye aliyewasha taa yao.

Hapo, msomaji, nafika penye kiini cha ugomvi wangu. Niambie: kwa nini watoto wale waliondoka sinema na taa iliyowashwa, ilhali wanachuo wangu waliondoka na kicheko tu? Filamu ni ile ile. Jibu langu ni kwamba wale walijiuliza swali ambalo hawa hawakujiuliza: imetengenezwaje?

Harryhausen mwenyewe alizaliwa mara ya pili kwa swali hilo. Mwaka 1933, akiwa kijana wa miaka 13, alipelekwa kutazama filamu ya King Kong, habari za nyani mkubwa, kazi ya fundi Willis O'Brien. Nyani yule alikuwa sanamu iliyovikwa manyoya, na ukimtazama vizuri utaona manyoya yake yanatikisika bila upepo. Ni vidole vya mafundi. Kila walipoishika sanamu kuisogeza, manyoya yalilala upande mwingine, na kamera ikayanasa. Mtu mwenye kicheko cha upesi angesema, "Tazama, wameharibu!" Kijana yule alitoka sinema hana usingizi, akitaka kujua tu jinsi nyani yule alivyopewa uhai. Akaanza kutengeneza sanamu zake nyumbani. Mwaka 1949 alikuwa ameketi karibu na O'Brien mwenyewe, msaidizi wake katika filamu ya Mighty Joe Young, akimsogeza nyani mwingine kwa mkono wake. Alama za vidole zilikuwa mlango, naye aliingia.

Kazi laini mno haina mlango. Hukushangaza, ukapiga makofi, ukaenda kulala. Kazi ambayo mkono wa mtu umeonekana kidogo ndani yake hukuita kwa jina. Hukuambia, "Mimi nimetengenezwa na mtu, nawe ni mtu, njoo." Anayecheka upesi huufunga mlango huo, na mbaya zaidi, huufunga mbele ya wengine.

Sasa nitimize ahadi niliyoitoa mwanzo, ingawa si tamu. Usiku ule wa hasira, nikiwa kitandani, nilimkumbuka mwanachuo mmoja wa mwaka uliotangulia. Kijana huyo alikuwa akijiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi, na somo lake lilikuwa kuota kwa mbegu. Alichota udongo wa mfinyanzi mtoni, akafinyanga punje ya mahindi, mizizi, chipukizi na majani. Akaifunga simu yake kwenye kiti kwa ukanda wa mpira wa baiskeli isitikisike. Jioni baada ya jioni, kwa muda wa wiki tatu, alisogeza na kupiga picha, akasogeza na kupiga picha. Alitumia picha 12 kwa kila sekunde, akapata dakika moja nzima: picha 720. Punje ikapasuka, mzizi ukashuka ukitafuta maji, chipukizi likainama kisha likainuka kuelekea juani.

Aliionyesha darasani mwetu ili tuitathmini. Mzizi ulitetemeka. Katika picha moja kivuli cha mkono wake kilipita juu ya udongo. Wenzake wakacheka. Nami mwalimu wao, niliyeketi mbele na kalamu ya alama, nilitabasamu pamoja nao. Kisha nikamwambia kwa upole, na upole wa namna hiyo huumiza kuliko ukali, kwamba katika intaneti zipo filamu nzuri za kuota kwa mbegu zilizokwisha kutengenezwa, laini na za kitaalamu, na kwamba ingemfaa kutumia mojawapo. Alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Akaketi.

Baada ya usiku ule wa jitu la shaba nilimtafuta. Alikuwa amekwisha kuhitimu na kuanza kazi. Nilimwomba aniletee ile punje yake ya udongo niwaonyeshe wanachuo wapya. Akaniambia alikuwa ameifuta simuni siku ile ile. Nikamwuliza somo lake lilikwendaje. Akasema lilikwenda vizuri. Alifuata shauri langu, watoto wakatazama filamu ya intaneti kwa utulivu, wala hakuna aliyeuliza swali.

Hakuna aliyeuliza swali! Msomaji, nimebeba maneno hayo tangu siku ile. Wangeionyeshwa punje ya udongo, nina hakika kwamba mtoto mmoja, hata kama ni mmoja tu, angeuliza, "Mwalimu, umefanyaje?" Na mwalimu angemjibu, "Kwa udongo wa mto ule pale, na kwa saburi." Huenda jioni ile mtoto huyo angekwenda mtoni. Nani ajuaye angerudi na nini? Mlango huo niliufunga mimi, mwenye shahada na kalamu ya alama, kwa tabasamu dogo tu. Kwa hiyo ninapokukaripia wewe kwa kicheko chako, usidhani nimesimama mahali pa juu. Nimesimama pale pale ulipo, na ninajua gharama yake.

Wengine watasema kwamba hizi ni hekaya za Wayunani na ufundi wa Mmarekani, tena za zamani, nazo hazituhusu. Nawauliza: je, hamkuona pale kisiginoni? Jitu lisiloweza kushindwa, lenye mahali pamoja tu pa kufia, na siri ya mahali hapo ikivuja, limekwisha. Kwetu pwani tunaye Fumo Liyongo, shujaa ambaye hadithi yasema hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Na aliyemdunga, akiwa amelala, ni mwanawe mwenyewe. Akaamka, akatwaa uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti huku amevuta mshale, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, nao wakakaa siku nyingi bila maji kwa hofu ya mtu aliyekwisha kufa. Fikiri, msomaji! Kiumbe asiyetikisika, ambaye kutotikisika kwake ndiko kunakotisha. Huyo ni ndugu wa Talos. Na Sinbadi, ambaye Harryhausen alimtilia jitu la jicho moja na joka katika filamu yake ya mwaka 1958, ni baharia wa hadithi za Alfu Lela Ulela, na bahari yake ndiyo iliyowaleta mabaharia wa Basra na Omani hadi pwani yetu kwa pepo za kaskazi. Hekaya hazina pasipoti. Aliye na mikono na saburi ndiye mwenyewe.

Basi wewe unayesoma maneno haya, ambaye labda likizo ijayo utaishika simu ya mzazi wako kwa saa moja, chombo alichokitamani Harryhausen akiwa na umri wako unacho mkononi. Udongo uko mtoni. Kiti kipo nyumbani. Liyongo angali amepiga goti kisimani, akingoja mtu wa kumfinyanga. Utakapoanza, mkono wake utatetemeka, na kivuli chako kitapita juu yake, na kaka yako atapita mlangoni akicheka. Usiifute kazi yako. Mwite aketi, umwonyeshe unavyofanya. Akikuuliza swali moja, umemshinda.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyeketi mbele, na mwingine ndiye aliyesimama na kazi yake ya kutetemeka, nakusihi uyazuie meno yako kidogo. Tazama mpaka mwisho. Kisha, kabla hujasema neno lingine lolote, mwulize: umefanyaje?